Somo la Urithi wa Maumbile: Makosa Saba ya Watu juu ya Damu na Nasaba

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa mume na mke, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa mambo yanayovunja nyumba za Waislamu ni ujinga wa watu katika jambo la urithi wa maumbile, yaani namna mtoto apatavyo sura na rangi na afya na maradhi kutoka kwa wazee wake. Mtu huzaliwa mtoto mgonjwa, naye mwenyewe ni mzima na mkewe ni mzima. Basi huulizwa barazani: ugonjwa huu umetoka wapi? Suala hili likikosa jawabu ya elimu hujibiwa kwa dhana. Mmoja husema ni kijicho. Wa pili husema ni ukoo wa mke. Na wa tatu, naye ndiye mbaya wao, hunong'ona kuwa mtoto si wa yule mume. Pengine mwanamke mwema huachwa kwa mnong'ono huo, na mtoto akabaki hana baba wala dawa.

Basi somo hili limekusudiwa kubainisha makosa saba yaliyoenea katika jambo hili. Mfano wake mkubwa ni ugonjwa mmoja ujulikanao pwani, nao ni selimundu. Mwenye kufahamu urithi wa ugonjwa huu amefunguliwa mlango wa elimu yote ya urithi.

SIFA YA UGONJWA

Katika damu ya mtu mzima zimo chembe nyekundu nyingi mno, za mviringo na laini, na kwa ulaini wao hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Ndani ya chembe hizo mna kitu kiitwacho hemoglobini, na kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Katika mwili wa mwenye selimundu, chembe hizi hukakamaa na kupinda mfano wa mundu wa kuvunia, ndipo ugonjwa ukaitwa kwa jina hilo. Chembe zilizopinda huziba mishipa, na hapo mtu hupatwa na maumivu makali ya mifupa. Tena huvunjika upesi, basi damu hupunguka na macho huwa ya manjano. Kwa mtoto mchanga dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba vidole vya mikono na miguu, pamoja na homa za mara kwa mara.

Ugonjwa huu ulikuwako tangu zamani, lakini tabibu wa kwanza aliyezieleza chembe hizo katika jarida la utabibu ni James Herrick wa Chicago, mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe walionyesha kwamba asili ya ugonjwa ni ile hemoglobini. Kisha katika mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, akabainisha kwamba tofauti ya hemoglobini ya mundu na ile ya kawaida ni kitu kimoja kidogo tu katika mnyororo mrefu.

ASILI YA URITHI

Na ajue mwenye kusoma kwamba mwili wa mtu hujengwa kwa maagizo yaliyomo ndani ya chembe zake, mfano wa kitabu kilichoandikwa. Kila agizo moja huitwa jeni, na neno hili lisichanganywe na jini. Katika maagizo karibu yote mtu ana nakala mbili: moja ameipata kwa babake na moja kwa mamake. Naye atakapozaa, humpa mwanawe nakala moja tu katika zile mbili, na ipi itatoka hana khiari nayo.

Kama vile mwandishi anakiliye kitabu kwa mkono huweza kubadilisha herufi moja, na wote watakaonakili kutoka kitabu chake wakaichukua herufi ile, ndivyo yalivyo maagizo ya mwili. Agizo lihusulo sehemu moja ya hemoglobini lina herufi 400 na zaidi. Katika nakala ya mundu imebadilika herufi moja tu. Kwa herufi hiyo moja chembe hupinda.

Basi watu katika jambo hili ni namna tatu. Wa kwanza ana nakala mbili za kawaida, naye hana ugonjwa wala hawezi kuurithisha. Wa pili ana nakala moja ya kawaida na moja ya mundu. Huyu huitwa mbebaji, naye kwa desturi ni mzima, hulima na huvua na huzeeka asijue kitu. Wa tatu ana nakala mbili za mundu, na huyu ndiye mgonjwa.

KOSA LA KWANZA: Kwamba mtoto hawezi kurithi lisiloonekana kwa wazee wake

Hili ndilo kosa linalovunja nyumba. Watu hudhani kwamba urithi ni kama kuchanganya maziwa na kahawa, kwamba mtoto sharti awe kati ya babake na mamake. Sivyo. Nakala hazichanganyiki; moja huweza kufichika nyuma ya nyingine vizazi vingi, kisha ikadhihiri.

Mtu aliyelidhihirisha jambo hili kwa hesabu ni Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyepanda njegere miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Alichukua njegere zenye maua ya zambarau akazizalisha na zenye maua meupe, na watoto wote wakatoka zambarau. Mtu angedhani weupe umekwisha. Lakini alipozizalisha zile za zambarau zenyewe kwa zenyewe, wajukuu walikuwa 705 wa zambarau na 224 weupe, yaani karibu watatu kwa mmoja. Weupe haukufa, bali ulikuwa umefichika.

Na katika sharia jambo hili lina asili iliyotangulia. Imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.), na wakaitoa Bukhari na Muslim, kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, naye akiashiria kumkana. Mtume akamuuliza khabari ya ngamia wake na rangi zao, naye akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama wamo wa rangi ya kijivu, akakiri kuwa wamo. Akamuuliza rangi ile imetoka wapi, na bedui akasema huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Basi Mtume akamrudishia jawabu yake mwenyewe, kwamba huenda na mtoto huyu amevutwa na asili, wala hakumpa ruhusa ya kumkana.

Hadithi hii haikuja kufundisha utabibu, wala haifai kuigeuza kitabu cha njegere. Ilikuja kufunga mlango wa dhana mbaya. Lakini dhana ile aliyoifunga Mtume ndiyo hiyo hiyo ifunguliwayo leo barazani kila azaliwapo mtoto asiyefanana na wazee wake.

Na mwenye kutaka hesabu, na aitazame hii. Ikiwa katika watu watano mmoja ni mbebaji, na watu wakaoana bila kujua, basi katika ndoa 25 moja itawakutanisha wabebaji wawili. Na katika ndoa hiyo, kila mtoto ana fungu moja katika manne la kuwa mgonjwa. Kwa hivyo katika wazaliwa 100 mgonjwa huwa mmoja tu, na hali wabebaji ni 20. Ndiyo sababu ugonjwa huonekana kana kwamba umeshuka bila asili, na kumbe asili yake imejaa mtaani.

Tena si kila sifa ya mtu hufuata nakala za agizo moja. Rangi ya ngozi na urefu wa kimo hutokana na maagizo mengi yakikusanyika, na kimo hutokana pia na chakula na maradhi ya utotoni. Kwa hivyo ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana sana kwa rangi, wala hakuna la kushangaza.

KOSA LA PILI: Kwamba fungu moja katika manne huja kwa zamu

Wabebaji wawili wakioana, huambiwa na tabibu kwamba mtoto mmoja katika wanne huwa mgonjwa. Wao wakafahamu kwamba wakipata mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa wazima. Hili ni kosa, na wako waliozaa kwa kutegemea hesabu hiyo wakajuta.

Hakika ya jambo ni kwamba kila mimba ina hesabu yake, wala haikumbuki iliyotangulia. Ni kama arushaye sarafu: kutokea kichwa mara ya kwanza hakuizuii kutokea kichwa mara ya pili. Katika kila mimba fungu moja ni la mtoto mwenye nakala mbili za kawaida, mafungu mawili ni ya mbebaji, na fungu moja ni la mgonjwa. Zikihesabiwa nyumba 100 za wabebaji wawili, kila moja ina watoto wanne, basi takriban nyumba 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, nyumba 42 zitakuwa na mmoja, na nyumba 26 zitakuwa na wawili au zaidi. Mwenye nyumba katika zile 32 asijione bora kwa amali zake, wala mwenye nyumba katika zile 26 asidhaniwe kuwa amelaaniwa.

Na neno "bahati" likitumiwa na wenye elimu hii, maana yake ni kwamba mwanaadamu hawezi kutabiri nakala ipi itatoka. Si kusema kwamba jambo limetoka nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu.

KOSA LA TATU: Kwamba urithi umo ndani ya damu na maziwa

Watu husema "damu yetu" wakikusudia nasaba, na hilo ni neno zuri la lugha. Lakini wako waliolichukua kwa dhahiri yake, wakakataa kutiwa damu ya mtu mwingine hospitali kwa kuogopa kupata tabia yake au kuchanganya nasaba. Damu itiwayo mtu hukaa katika mishipa miezi michache, kisha chembe zake hufa na mwili hutengeneza nyingine kwa maagizo yake wenyewe. Haigusi nakala ambazo mtu atamrithisha mwanawe.

Na maziwa yana hukumu yake. Mtoto anyonyeshwaye kwa masharti yaliyotajwa na wanavyuoni huwa ni mwana wa kunyonya, na ndoa baina yake na jamaa wa mnyonyeshaji huharimishwa. Hiyo ni hukumu ya sharia katika ndoa, wala maana yake si kwamba selimundu hupita katika maziwa. Mama mgonjwa akimnyonyesha mtoto wa jirani hampi ugonjwa. Wala ugonjwa huu hauambukizi kwa kula sahani moja, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa jasho. Kumtenga mtoto mgonjwa na wenziwe madrasani ni dhulma isiyo na faida yoyote.

KOSA LA NNE: Kwamba yampatayo mtu duniani humrithisha mwanawe

Hudhaniwa kwamba mzee aliyefanya kazi ngumu huzaa watoto wenye mikono ya nguvu, na kwamba mwenye mimba akimtazama kilema huzaa kilema. Katika Ulaya pia wako wakubwa wa elimu waliodhani kwamba mwili ukizoea jambo huwarithisha watoto mazoea hayo; aliyetajika zaidi ni Lamarck wa Ufaransa, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1809. Baadaye August Weismann, Mjerumani, alikata mikia ya panya vizazi vitano mfululizo, na panya wote wakazaliwa wana mikia.

Na Waislamu hawahitaji kwenda Ujerumani kutafuta dalili hii. Wamewatahiri watoto wao wa kiume karne baada ya karne, na hata leo kila mtoto huzaliwa akimngoja ngariba. Lau yaliyofanywa mwilini yangerithiwa, ngariba angekwisha kazi zamani.

Chini ya kosa hili liko kosa jingine lenye madhara. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima wa kutazamwa, kwa sababu mtoto wa tumboni ana hemoglobini ya namna nyingine, isiyopinda, nayo humkinga miezi yake ya kwanza. Afikapo karibu miezi sita hemoglobini hiyo hupunguka, na ya mundu hushika mahali pake. Hapo ndipo vidole huvimba. Basi watu husema: "Alikuwa mzima, kuna mtu aliyemtazama." Hutafutwa aliyeingia nyumbani wiki ile, na ujirani wa miaka mingi huvunjika. Kumbe ugonjwa ulikuwamo tangu siku ya mimba, ukingoja wakati wake.

KOSA LA TANO: Kwamba ugonjwa ni wa kabila fulani

Asemaye "huu si ugonjwa wetu, sisi asili yetu ni ng'ambo" hajui khabari za ng'ambo. Nakala ya mundu imo Oman, ambako takriban watu 6 katika 100 ni wabebaji. Imo mashariki mwa Saudia, imo Bara Hindi, imo Uturuki na Ugiriki. Na katika Afrika imejaa mahali na ikapunguka mahali. Anthony Allison alipozunguka Kenya mwaka 1949 akipima damu za watu, aliona kwamba karibu na pwani na kando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi 20 katika 100, na hali katika nchi za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja katika 100. Na watu wote hao ni Waafrika.

Kwa hivyo jambo hili halifuati weusi wala weupe, wala halifuati Uarabu wala Uafrika. Lafuata kitu kingine, na kosa lifuatalo litakibainisha.

KOSA LA SITA: Kwamba maumbile hubadilika kwa haja, na kwamba abakiye ndiye bora

Allison alitazama ramani ya wabebaji akaiona inafanana na ramani ya homa ya malaria. Mahali palipo na malaria nyingi, nakala ya mundu ni nyingi. Palipo na baridi au ukavu usiofaa mbu, ni chache. Akaendelea kupima, na mwaka 1954 akachapisha kauli yake kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria. Kauli hii imethibitishwa mara nyingi baadaye. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba malaria kali kwa watoto wabebaji hupunguka kwa takriban 90 katika 100.

Sasa na afikiri msomaji, katika zama zisizo na dawa, watoto 100 wa nchi ya malaria. Wenye nakala mbili za kawaida, wengi wao huchukuliwa na malaria. Wenye nakala mbili za mundu huchukuliwa na ugonjwa wa mundu. Mbebaji, mwenye moja ya kila namna, huvuka akakua akazaa, na nakala ya mundu ikaendelea pamoja naye. Lau ingekuwa hakuna malaria, nakala ile ingepungua kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa hasara yake ingebaki na faida yake ingeondoka. Hili ndilo jambo ambalo Charles Darwin alilieleza kwa jumla katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1859, na mfano wake mwepesi ni chekecheke: viumbe hutofautiana, mazingira huwachekecha, na wabakiao hurithisha walichonacho.

Katika jambo hili watu hukosea mara nne.

Kwanza, husema kwamba damu iliona malaria ikajibadilisha ili ijikinge. Sivyo. Herufi ilibadilika katika kunakiliwa, bila kujua malaria ni nini. Kisha malaria ikawabakisha wenye herufi ile. Haja haiumbi badiliko. Chekecheke haitengenezi unga, bali huchambua uliokuwamo.

Pili, husema kwamba mtu mmoja hubadilika katika maisha yake. Mtu habadiliki nakala zake. Kinachobadilika ni hesabu ya watu wa nchi kizazi baada ya kizazi.

Tatu, husema kwamba abakiye ndiye bora na mwenye nguvu. Selimundu ni jawabu tosha. Nakala ile ile ni kinga kwa ndugu mmoja na ni maradhi kwa nduguye wa tumbo moja; ni faida katika nchi ya mbu na ni hasara katika nchi ya baridi. Basi ubora uko wapi? Wako watu wa Ulaya na Marekani, katika karne ya 19 na ya 20, walioichukua elimu hii wakaifanya ngazi ya kupanga mataifa, hawa juu na hawa chini. Elimu yenyewe haina ngazi hiyo. Inachosema ni kwamba huyu alivuka mahali hapa katika hali hii, basi.

Nne, husema kwamba wenye elimu hii wanadai kuwa kima aliyeko mwituni leo ndiye aliyemzaa mtu. Hawakusema hivyo. Wasemalo ni kwamba mtu na nyani wakubwa wana asili moja ya zamani mno iliyokwisha toweka, na dalili wazitoazo ni mifupa ya kale na kufanana kwa nakala za maumbile. Namna neno hilo linavyosimama mbele ya khabari ya Nabii Adam (A.S.) ni mas-ala waliyohitilafiana wanavyuoni wa zama hizi, nayo yana vitabu vyake. Lakini insafu ni kwamba mwenye kulikataa neno la mtu na alikatae kama lilivyosemwa, si kama lilivyogeuzwa barazani.

Na faida iliyo karibu zaidi ni hii: mbebaji asidanganyike kwa kinga yake akaacha chandarua. Kinga si ngome. Mbebaji huugua malaria. Na mtoto mgonjwa wa selimundu ndiye mwenye kuhitaji chandarua na dawa ya kujikinga kuliko wote, kwa kuwa malaria humuua upesi.

KOSA LA SABA: Kwamba lililoandikwa katika maumbile halina la kufanywa

Husemwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na mithali hii huelekezwa kwa mtoto wa mwizi na mtoto wa mlevi. Hakuna jeni la wizi. Tabia hukusanya maumbile na malezi na marafiki na njaa na mafundisho, na wahenga hao hao ndio waliosema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Na katika maradhi, kurithiwa si kukosa dawa. Mtoto mwenye selimundu akijulikana mapema, akapewa penisilini kila siku katika miaka yake mitano ya kwanza, akachanjwa, akakingwa na malaria, akanyweshwa maji ya kutosha, akapelekwa hospitali kila ashikwapo na homa, basi huweza kukua akasoma na kuoa. Iko dawa iitwayo hidroksiyurea, na utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Kongo, Uganda na Kilifi nchini Kenya, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba hupunguza maumivu na malaria na vifo. Mzee amwachaye mwanawe bila matibabu, akasema ni kadari, hakutawakali, amezembea. Ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo hutawakaliwa.

TANBIHI KATIKA NDOA

Yafaa kijana aposaye apimwe damu, na mchumba wake apimwe. Kipimo ni tone la damu tu. Saudia ilikwisha wawajibisha wachumba kupimwa selimundu na thalasemia tangu mwaka 2004. Wala wanaoonekana wote ni wabebaji hawakatazwi kuoana, bali hupewa shauri wakachagua kwa kujua. Mbebaji akimwoa asiye mbebaji, hawatazaa mgonjwa wa nakala mbili za mundu.

Kuoa binti ami ni halali. Lakini watoto wa ndugu wawili wana babu mmoja na bibi mmoja, na nakala iliyofichika kwa babu huenda ikawa imewafikia wote wawili. Basi wao wana haja zaidi ya kupimwa. Na aoaye mbali asidhani amesalimika, kwa kuwa katika pwani mbebaji si mtu wa kutafutwa.

Na mume akipimwa, asionekane na nakala ya mundu, na hali mtoto ni mgonjwa, asikimbilie kumshutumu mkewe. Huenda akawa na nakala ya thalasemia, nayo ikikutana na nakala ya mundu ya mama huzaa ugonjwa huo huo. Au huenda kipimo kilikosewa. Na amrudie tabibu. Kumsingizia mwanamke mwema zina ni katika madhambi makubwa, na adhabu yake katika Kurani imewekwa mahali pamoja na kukataliwa ushahidi wa msemaji daima.

MASUALA YA KUJARIBU FAHAMU

Suala: Baba mzima na mama mzima, mtoto ana selimundu. Je, ni dalili ya jambo baya?
Jawabu: Hapana. Ni dalili kwamba wote wawili ni wabebaji, na wabebaji huwa wazima.

Suala: Waliozaa mgonjwa mmoja, je, atakayefuata ana salama?
Jawabu: Ana hesabu ile ile ya wa kwanza, fungu moja katika manne.

Suala: Kwa nini nakala yenye madhara haikutoweka katika nchi?
Jawabu: Kwa sababu mwenye nakala moja huvuka malaria, akaishi akairithisha.

Suala: Je, mke ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani?
Jawabu: Mgonjwa hana budi kuwa na nakala mbili. Moja ya mama, na moja ya baba.

KHATIMA

Jawabu hilo la mwisho ndilo la kuchukuliwa nyumbani. Mume amtazamaye mkewe kwa jicho la lawama kitandani pa mtoto mgonjwa na ajue kwamba nusu ya ugonjwa ule imetoka mgongoni mwake, bila yeye kujua na bila kosa lake, kama ilivyotoka kwa mkewe bila kujua na bila kosa. Hakuna wa kuachwa hapo, wala wa kushitakiwa. Yuko mtoto wa kupelekwa hospitali, na wazee wake wawili wa kumpeleka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na awape wazee wao subira na elimu. Amin.